Kompyuta "Iliyochoka": Uhakiki wa Lugha ya Jotoridi na Ujipunguzaji Kasi wa Kichakataji katika Kiswahili, kwa Kurejelea Mazingira ya Maguu, Wilaya ya Mbinga

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyolieleza joto la kichakataji cha kompyuta mpakato, pamoja na tukio la kichakataji kupunguza kasi yake kinapokaribia kikomo cha joto. Hoja kuu ni kwamba udhaifu wa lugha katika uwanja huu hautokani na upungufu wa istilahi. Unatokana na desturi ya kuzihakiki istilahi moja moja, kama orodha, ilhali mtumiaji hukutana nazo ndani ya sentensi zinazomwelekeza achukue hatua fulani. Kwa kuchunguza maneno mpakato, joto, jotoridi, kichakataji, imechoka na imeganda, makala yanaonesha kuwa baadhi ya maneno angavu hupotosha, na kwamba mnyambuliko wa kitenzi cha Kiswahili unaweza kubainisha chanzo cha tatizo kwa usahihi kuliko neno lolote la mkopo. Mazingira ya Maguu na ufukwe wa Ziwa Nyasa yametumika kama uwanja wa kupimia hoja hizo.

1.0 Utangulizi

Kata ya Maguu ipo katika nyanda za juu za Umatengo, wilayani Mbinga, mkoani Ruvuma. Kutoka katika milima hiyo, ambayo sehemu zake hukaribia mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ardhi hushuka hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake upo takriban mita 475. Tangu mwaka 2012 sehemu ya ufukweni ni Wilaya ya Nyasa, yenye makao yake Mbamba Bay, lakini watu, mazao na vifaa vimeendelea kupanda na kushuka mteremko huo kama zamani.

Chukuliwe mfano wa kudhania. Mwalimu wa sekondari huko Maguu anajaza alama za wanafunzi katika jedwali kubwa, na ndugu yake anafanya kazi kama hiyo Mbamba Bay kwa kompyuta ya aina ile ile. Zote mbili zinaanza kazi kwa kasi, kisha baada ya dakika kadhaa zinakuwa nzito. Wa Maguu anasema kompyuta "imechoka". Wa Mbamba Bay anasema "imeganda". Fundi wa kwanza anapendekeza inunuliwe nyingine. Wa pili anafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya kwa kuwa, kwa maoni yake, "ina virusi". Alama zilizokuwa hazijahifadhiwa zinapotea. Inawezekana kabisa kwamba hakuna kompyuta iliyokuwa mbovu, na kwamba kila kichakataji kilikuwa kinafanya kile hasa kilichoundwa kufanya, yaani kujilinda dhidi ya joto.

Mfano huo unaonesha uzito wa suala. Neno lililochaguliwa kuelezea hali limegeuka kuwa utambuzi wa tatizo, na utambuzi umegeuka kuwa gharama. Kwa hiyo swali linaloongoza uhakiki huu ni hili: je, Kiswahili kinavyotumika sasa kinamwezesha mtumiaji kutofautisha kompyuta inayojilinda na kompyuta iliyoharibika?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Tafiti nyingi za istilahi za Kiswahili zimeegemea vigezo vya Kiingi, mtaalamu wa Uganda, vinavyojulikana kwa kifupisho PEGITOSCA. Vigezo hivyo ni usahihi, iktisadi, uzalishi, ukimataifa, uangavu, kutochukiza, utaratibu, ulandanifu na ukubalifu. Ubora wake ni kuwa vinamlazimisha mhakiki atoe sababu za kukubali au kukataa neno. Aidha, vinalingana na kanuni iliyozoeleka katika kazi za BAKITA na taasisi za utafiti, ya kutafuta neno kwanza ndani ya Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha nyingine za Kibantu na za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Maneno bunge, ikulu na kitivo hutajwa mara kwa mara kama ushahidi wa mafanikio ya kanuni hiyo.

Hata hivyo, mkabala huo una pengo. Kigezo cha uangavu, kwa mfano, huuliza iwapo neno linaonesha maana yake. Hakiulizi iwapo maana inayooneshwa inamfikisha msomaji mahali sahihi. Vivyo hivyo, kigezo cha usahihi hupima uhusiano wa neno na dhana, lakini hakipimi uhusiano wa sentensi na hatua itakayochukuliwa baada ya sentensi hiyo kusomwa. Katika fasihi, hakuna mhakiki anayelipima shairi kwa kuhesabu maneno mazuri yaliyomo. Huangalia namna maneno hayo yanavyofanya kazi pamoja. Makala haya yanahamishia desturi hiyo katika lugha ya ufundi. Yanachukua vigezo vya Kiingi kama mwanzo, na kuongeza swali moja: neno hili likiwekwa katika sentensi ya kawaida ya mtumiaji, linamfanya atende nini?

3.0 Mpakato: Uangavu Unaopotosha

Kompyuta mpakato ni miongoni mwa istilahi zinazosifiwa kwa uangavu. Kitenzi pakata kinajulikana na kila mzungumzaji: mama humpakata mtoto, yaani humweka mapajani na kumshikilia. Neno ni fupi, linanyambulika, na kiambishi chake kinafuata mofolojia ya lugha. Kipakatalishi, linalotumika zaidi Kenya, limejengwa juu ya mzizi huo huo. Kwa vigezo vya PEGITOSCA, maneno haya yanafaulu kwa alama za juu.

Tatizo linaanza pale neno linapotii uangavu wake. Kompyuta nyingi za aina hii huvuta hewa baridi kupitia matundu ya upande wa chini na kuitoa ikiwa na joto pembeni au nyuma. Kinachopakatwa juu ya khanga, blanketi au godoro huzibwa matundu hayo. Feni huendelea kuzunguka, lakini hewa haipiti. Joto linabaki ndani, na ndani ya muda mfupi kichakataji hufikia kikomo chake. Katika nyanda za juu za Umatengo, ambako asubuhi za miezi ya Juni na Julai ni za baridi, mtu anayepakata kompyuta ndani ya blanketi anafuata kwa uaminifu maana ya neno alilofundishwa, na papo hapo anaunda mazingira mabaya kuliko meza iliyopo kwenye joto la ufukweni.

Haidaiwi hapa kwamba neno libadilishwe. Limekwisha kukubalika, na ukubalifu ni kigezo kizito. Linalodaiwa ni kuwa uhakiki wa istilahi usiishie kwenye kusifu uangavu. Vitabu vya kiada na miongozo inayotumia neno mpakato ina wajibu wa kueleza palepale kwamba chombo hicho hubebwa kama cha kupakatwa lakini hufanya kazi nzito kikiwa juu ya kitu kigumu na tambarare.

4.0 Joto na Jotoridi: Tofauti Inayopuuzwa

Jotoridi ni mfano unaopendwa katika mihadhara ya mofolojia, kwa kuwa limeundwa kwa kuunganisha joto na sehemu ya neno baridi. Sambamba nalo lipo halijoto, lililotokana na hali ya joto. Mjadala wa kitaaluma kwa kawaida umehusu lipi kati ya hayo mawili lina umbo bora. Katika matumizi ya kila siku, hata hivyo, maneno yote mawili huachwa, na joto hubeba dhana mbili kwa pamoja: nishati inayohama kutoka kitu kimoja hadi kingine, na kiwango cha umoto wa kitu hicho.

Katika mazungumzo ya kawaida mchanganyiko huo hauna madhara. Katika kusoma vipimo vya kichakataji una madhara makubwa, na mifano mitatu inatosha kuudhihirisha.

Kwanza, vichakataji viwili vinaweza kuwa na jotoridi moja la nyuzi 95 za Selsiasi huku kimoja kikitoa joto la wati 15 na kingine la wati 45. Kipimo ni kile kile. Kiasi cha joto kinachopaswa kuondolewa ni mara tatu. Anayesema "zote zina joto sawa" amesema kweli kuhusu jotoridi na amekosea kuhusu joto.

Pili, mtumiaji hupima kwa kiganja. Akigusa ganda la kompyuta na kuhisi uvuguvugu, husema haijapata moto. Lakini kiganja kimegusa ganda, si kichakataji. Ganda linaweza kuwa na nyuzi 40 wakati ndani ya kipande kidogo cha silikoni kuna nyuzi 97.

Tatu, na huu ndio mfano unaowakanganya wengi, kompyuta iliyosafishwa vumbi na kupakwa upya mafuta ya kupitishia joto inaweza kutoa hewa ya moto zaidi kuliko awali. Mwenye kompyuta hulalamika kuwa fundi ameiharibu, kwa kuwa "joto limeongezeka". Ukweli ni kwamba joto linalotoka limeongezeka kwa sababu sasa linapata njia, na kichakataji kinaweza kufanya kazi kubwa zaidi bila kuvuka kikomo. Bila neno moja kwa kinachotoka na neno jingine kwa kinachosomwa ndani, fundi hana namna ya kujitetea.

Mteremko wa kutoka Maguu hadi ziwani unaongeza somo jingine. Kwa kadirio la kawaida la angahewa, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo chumba cha mlimani kina faida dhidi ya chumba cha Mbamba Bay. Lakini hewa ya juu ni nyepesi: kwenye mita 1,500 uzito wake kwa ujazo ni pungufu kwa karibu asilimia 10 ukilinganisha na ule wa usawa wa ziwa. Feni ile ile, ikizunguka kwa mwendo ule ule, husukuma hewa yenye uwezo mdogo zaidi wa kubeba joto. Sehemu ya faida ya baridi hupotea. Sentensi "huku kwetu ni baridi, kompyuta haiwezi kupata moto" ina ukweli kuhusu jotoridi la chumba na kosa kuhusu uondoaji wa joto. Lugha isiyotenganisha mambo haya mawili haiwezi hata kulieleza kosa hilo.

5.0 Namba na Kikomo Chake

Programu za kuonesha vipimo humpa mtumiaji namba, na namba huaminika kuliko neno. Hata hivyo, namba hiyo nayo ni maandishi yanayohitaji kuhakikiwa.

Katika vichakataji vya Intel, kihisi kilichomo ndani ya silikoni hakitoi jotoridi kamili. Kinachotoa ni umbali uliobaki kabla ya kufikia kikomo kilichowekwa na mtengenezaji, ambacho kwa vichakataji vingi vya kompyuta mpakato ni nyuzi 100 au jirani yake. Programu huchukua kikomo, hutoa umbali huo, na kuonesha jibu. Kihisi kikisema zimebaki 12, programu huandika 88. Iwapo programu imekosea kikomo, jibu zima hukosea, ingawa kihisi kimesema kweli. Aidha, kihisi huwa sahihi zaidi karibu na kikomo, mahali ambapo usahihi unahitajika, na hupoteza usahihi kadiri kinavyokuwa mbali nacho.

Mifano ya namba zinazohitaji ufafanuzi haikomei hapo. Baadhi ya vichakataji vya Ryzen vya kompyuta za mezani vilivyotolewa na AMD mwaka 2017 viliripoti namba iliyoongezwa nyuzi 20 kwa makusudi, ili feni zidhibitiwe kwa namna moja katika familia nzima ya vichakataji. Waliosoma namba hiyo bila maelezo waliogopa bure. Kwa upande wa Linux, faili la mfumo linaweza kuonesha 54000, na maana yake ni nyuzi 54, kwa kuwa kipimo kimeandikwa kwa elfu za nyuzi.

Funzo la kiistilahi ni kwamba neno "jotoridi" peke yake halitoshi kutafsiri namba hizo. Kinachohitajika ni jozi ya maneno: jotoridi na masafa ya kikomo, yaani nyuzi zilizobaki kabla ya kufika mpaka. Mtumiaji aliyezoea kuuliza "zimebaki ngapi?" badala ya "ni ngapi?" anasoma kipimo kama kilivyokusudiwa na waliokiunda. Kiswahili kina mazoea ya kuhesabu kutoka mwisho: msafiri huuliza zimebaki kilomita ngapi, mkulima huuliza zimebaki debe ngapi. Muundo upo, haujahamishiwa tu kwenye uwanja huu.

6.0 "Imechoka", "Imeganda": Sitiari na Gharama Zake

Maneno yanayotumika zaidi kueleza kompyuta iliyopoteza kasi ni imechoka, imelemewa, imeganda na imestaki. Yote ni hai, na yote yamejengwa kwa ufundi wa lugha ya watu. Uhakiki hauna budi kuyaheshimu kabla ya kuyapima.

Imechoka ni sitiari ya mwili. Mwili uliochoka hupumzishwa. Lakini kitu kilichochoka, katika Kiswahili cha Tanzania, ni kitu kilichochakaa: gari limechoka, shati limechoka. Kompyuta ikisemwa imechoka, maana ya pili huishinda ya kwanza, na hukumu huwa ni kununua nyingine. Imelemewa huelekeza lawama kwenye mzigo, na mtumiaji huanza kufuta picha na nyaraka, ingawa nyaraka zilizolala kwenye hifadhi hazikipi kichakataji joto lolote. Imeganda ina kinaya: neno la baridi linatumika kwa chombo kilichopata moto. Imestaki, lililotokana na Kiingereza, halisemi chochote kuhusu chanzo.

Kinachokosekana katika yote manne ni dhana ya kujilinda. Nguvu anayoitumia kichakataji hutegemea kasi yake na volteji iliyozidishwa kwa yenyewe. Kasi ikipunguzwa kwa asilimia 20 na volteji kwa asilimia 10, nguvu inayotumika hubaki takriban asilimia 65 tu. Hivyo, kwa kuachilia sehemu ndogo ya kasi, kichakataji hujiondolea zaidi ya theluthi ya joto. Huo si uchovu, ni mapatano. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionesha tofauti hiyo hadharani kwa kuondoa kipoza joto wakati kompyuta zikiendelea kufanya kazi: Pentium 4 ilishusha kasi na kubaki hai, ilhali Athlon za wakati huo ziliungua. Kwa lugha ya mitaani, kompyuta "iliyochoka" ndiyo iliyopona.

Istilahi kadhaa zinaweza kupendekezwa kwa tendo hili. Ukabaji ni tafsiri ya moja kwa moja ya taswira ya Kiingereza, lakini katika Kiswahili kukaba ni tendo la uadui. Linamfanya mtumiaji atafute mkabaji. Udhoofishaji hukosea kabisa, kwa sababu huonesha madhara ya kudumu. Throtlingi hutimiza ukimataifa na kushindwa katika uangavu. Upunguzaji kasi ni sahihi lakini haujakamilika, kwa kuwa hausemi nani anayepunguza. Ni hapa ambapo mnyambuliko wa kitenzi unatoa jibu ambalo orodha ya nomino haiwezi kulitoa.

7.0 Kauli Tatu, Vyanzo Vitatu

Kitenzi pungua kinaweza kuleta sentensi tatu: kasi imepungua, kichakataji kimejipunguza kasi, kichakataji kimepunguzwa kasi. Tofauti zake ni za kisarufi, lakini kila moja inalingana na hali halisi ya mashine.

Kasi imepungua haina mtenda. Hii ndiyo hali ya kawaida ya kompyuta isiyo na kazi nzito. Mzigo ukiwa mdogo, kasi hushuka ili kuokoa umeme, na hakuna tatizo la kutafuta.

Kichakataji kimejipunguza kasi hutumia kirejeshi -ji-, na mtenda ndiye mtendwa. Hii ni hali ya kikomo cha joto: vihisi vya kichakataji chenyewe vimeona mpaka unakaribia, nacho kimeshusha kasi na volteji. Mahali pa kuchunguza ni njia ya joto: matundu yaliyozibwa, vumbi la kiangazi kwenye mapezi ya kipoza joto, mafuta yaliyokauka, au feni iliyokufa.

Kichakataji kimepunguzwa kasi ni kauli ya kutendwa, na humlazimisha msomaji aulize: na nani? Hali hii ipo na ni ya kawaida kuliko inavyodhaniwa. Kichakataji hupokea ishara ya tahadhari ambayo vipande vingine vya kompyuta, kama vile vidhibiti vya volteji, vinaweza kuituma. Kompyuta kadhaa pia hushusha kasi zinapotambua chaja isiyo na nguvu ya kutosha au betri dhaifu. Katika hali hiyo jotoridi la kichakataji linaweza kuwa nyuzi 50 tu huku kasi ikiwa imeshuka vibaya. Katika vijiji vinavyotegemea umeme wa jua na chaja za kubahatisha, tofauti hii si ya kinadharia. Anayesafisha feni kwa tatizo la chaja amepoteza siku.

Programu inayoelekeza vipande hivyo nayo inaweza kuwa ndiyo inayopunguza. Mwezi Julai 2018, baada ya malalamiko kwamba MacBook Pro mpya zilipoteza kasi chini ya kazi nzito, kampuni ya Apple ilieleza kuwa kulikuwa na ufunguo wa kidijitali uliokosekana katika programu ya udhibiti wa joto, na ikatoa marekebisho. Hakuna feni iliyobadilishwa. Kwa kauli za Kiswahili, kilichodhaniwa kuwa kimejipunguza kilikuwa kimepunguzwa kupita kiasi.

Kwa mantiki hiyo, makala yanapendekeza ujipunguzaji kasi kwa tendo la kichakataji chenyewe na upunguzwaji kasi kwa tendo linalotoka nje yake. Ni kweli kuwa nomino hizi ni ndefu na hazina iktisadi. Lakini mtumiaji hatazihitaji mara nyingi. Atahitaji vitenzi vyake, na vitenzi hivyo ni vifupi, vinaeleweka na mtoto wa shule ya msingi, na vinabeba utambuzi ndani yake.

8.0 Kahawa, Ngolo na Mipaka ya Sitiari

Neno kichakataji linastahili kuzingatiwa katika Mbinga kwa sababu ya pekee. Mbinga ni wilaya ya kahawa, na kuchakata ni neno la kila msimu. Zaidi ya hayo, katika tasnia ya kahawa nchini Tanzania kifupisho CPU hutumika kwa mtambo wa pamoja wa kumenya kahawa mbivu. Mkulima anayeambiwa kuwa CPU imepata moto anaweza kufikiria mtambo uliopo bondeni. Kifupisho kinachosifiwa kwa ukimataifa kimegongana na matumizi ya mahali, wakati neno la Kiswahili, kichakataji, linamfikisha msomaji huyo huyo kwenye dhana kwa urahisi: kitu kinachopokea mali ghafi na kutoa kilichoandaliwa, kwa kasi inayotegemea uwezo wake na hali inayokizunguka.

Sitiari ya pili ni ya ngolo, mashimo ya kilimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko. Nyasi hupangwa katika miraba, udongo hurundikwa juu yake, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Mfumo huo, uliochunguzwa katika miaka ya 1990 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kwa ushirikiano na wenzao wa Japani, huzuia mvua isibebe udongo. Mvua fupi, hata ikiwa kali, hutulia shimoni. Mvua ikidumu, mashimo hujaa.

Ulinganifu na kichakataji ni wa karibu. Vipande vya metali vya kipoza joto ni kama shimo: humeza joto la kazi kubwa ya sekunde chache, na ndiyo maana kichakataji huruhusiwa kutumia nguvu nyingi kwa muda mfupi kuliko inavyoruhusiwa kwa muda mrefu. Kompyuta inayoanza kwa kasi na kuwa nzito baada ya muda si lazima iwe imeharibika, shimo limejaa. Mwalimu wa Maguu aliyetajwa katika utangulizi angeweza kulielewa jambo hilo bila mchoro wowote.

Hata hivyo, sitiari nzuri lazima ioneshwe inapokoma. Mkulima wa ngolo hana uwezo juu ya mvua. Anachoweza ni kuandaa ardhi. Kichakataji kina uwezo juu ya mvua yake chenyewe, na kujipunguza kasi ndiko kuipunguza mvua hiyo. Sitiari ya ngolo inaeleza vema kwa nini joto hujaa, lakini haielezi kinachofuata baada ya kujaa. Ikitumika peke yake, ingemrudisha msomaji kwenye fikra kuwa mashine hutendwa tu. Ndiyo sababu inapaswa kuandamana na kirejeshi -ji-, na si kuchukua nafasi yake.

9.0 Hitimisho

Kazi za kukiweka Kiswahili katika kompyuta zimekwisha kupiga hatua kubwa. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kuwa mtumiaji anaweza kufungua, kuhariri na kuhifadhi kwa lugha yake. Hayo ni maneno ya kile ambacho mtu anaitendea kompyuta. Maneno ya kile ambacho kompyuta inajitendea yamebaki nyuma, na pengo hilo limejazwa na uchovu, kuganda na virusi.

Uhakiki huu umeonesha kuwa pengo haliwezi kuzibwa kwa kuongeza nomino katika orodha pekee. Neno angavu kama mpakato linaweza kumpotosha mtumiaji. Neno lililopo kama jotoridi linaweza kukosa kazi kwa kuwa halijawekwa kando ya joto ili tofauti ionekane. Na kitenzi cha kawaida kama pungua kinaweza kufanya kazi ambayo istilahi mpya ingeshindwa. Kwa watafiti wa istilahi, pendekezo ni kwamba kila neno linalopendekezwa lipimwe ndani ya sentensi ya mtumiaji na kwa hatua inayofuata sentensi hiyo. Kwa waandishi wa miongozo ya Kiswahili, pendekezo ni kutofautisha kilichopungua, kilichojipunguza na kilichopunguzwa, na kumfundisha msomaji aulize zimebaki nyuzi ngapi.

Mwalimu aliyepoteza alama za wanafunzi wake hakukosa kompyuta nzuri. Alikosa sentensi moja ambayo ingemfanya ainue kompyuta kutoka kwenye blanketi, aiweke mezani, ahifadhi kazi yake, na kusubiri.